Sura ya Sita: Meli Ikiwa Gatini, Wewe Uwe Efeso

Meli za kitalii zinazozunguka Bahari ya Aegean hazimpi abiria siku, humpa saa. Alfajiri mnaingia Kuşadası, mji wa bandari wa magharibi mwa Uturuki, na kabla jua halijazama mmekwisha ng'oa nanga kuelekea Patmos, Rhodes au Piraeus. Kilomita zipatazo ishirini kutoka gati hilo ndipo ulipo Efeso, mji ambao msomaji wa Kiswahili aliyekulia kanisani ameusikia tangu utotoni. Hata asiyewahi kufungua Matendo ya Mitume ataona mara moja kwamba hapa pamesalia mji wa kale ambao mfano wake ni nadra kando ya Mediterania. Sura hii inamhusu mtu anayeshuka melini na kofia yake na chupa ya maji, bila kununua ziara ya meli. Aipange vipi siku hiyo ili auone mji na asiachwe?

Nautaja msimamo wangu mapema: Efeso panafaa kwenda mwenyewe, au na wenzako wawili watatu. Ziara ya meli ina faida moja kubwa isiyo na ubishi, kwamba basi lake likichelewa, meli italisubiri. Lakini ziara hiyo hukupitisha juu ya marumaru pamoja na watu arobaini, macho yakimfuata mtu aliyeinua kibao chenye namba, na mara nyingi huishia kwenye duka la mazulia, mkiwa mmeketishwa kwa muda ambao ungetosha kabisa kuyatembelea makumbusho ya Selçuk, mji mdogo ulio jirani na magofu. Mtu aliyedunduliza miaka kadhaa ili afike huku kutoka Mwanza au Kisumu, na ambaye huenda asirudi tena, anastahili kuitumia saa yake mbele ya kitu alichokifuata.

Kuna maandalizi yanayoanza nyumbani, miezi kabla ya safari, na ndiyo yanayowaangusha wengi wetu. Usidhani kwamba meli ikitia nanga basi kila abiria ana ruhusa ya kushuka. Masharti ya viza hutegemea pasi yako, na wauzaji wa tiketi za meli wamezoea kuwahudumia wateja wa Ulaya na Marekani. Iandikie kampuni ya meli, taja uraia wako, omba jibu la maandishi, kisha uulize na ubalozi wa Uturuki ulio karibu nawe. Jambo la pili husahauliwa zaidi. Meli ikitoka Ugiriki kuingia Uturuki, wewe umetoka katika eneo la Schengen, na ikirudi Ugiriki umeingia upya. Viza ya Schengen ya kuingia mara moja haitoshi kwa safari hiyo. Omba ya kuingia mara nyingi, na uambatishe ratiba ya meli kwenye maombi ili afisa aone sababu.

Siku yenyewe ipange kuanzia mwisho. Kila meli hutangaza saa ambayo abiria wote wawe wamekwisha panda, na saa hiyo huitangulia ile ya kuondoka kwa nusu saa au zaidi. Ya kwanza ndiyo yako, ya pili ni ya nahodha. Tuseme meli inafunga gati saa moja asubuhi, na abiria wote wanatakiwa ndani saa kumi na nusu jioni. Kwenye karatasi yako andika kwamba saa tisa alasiri uwe umekwisha vuka geti la bandari. Hiyo saa moja na nusu iliyobaki usiitumie kwa lolote lile. Ni ya gurudumu linalopasuka, foleni ya mabasi au mwenzako aliyepotelea sokoni. Ukirudi nyuma kutoka hapo, inakubidi uondoke Selçuk saa nane mchana, na huko Selçuk ulihitaji saa mbili na nusu, kwa hiyo magofuni uwe umetoka saa tano. Na kwa kuwa magofu yanahitaji saa tatu za kweli, jibu linajitokeza lenyewe: uwe mlangoni saa mbili asubuhi, wakati wanapofungua au muda mfupi baadaye. Hakikisha saa za kufungua za msimu wako kabla ya kusafiri.

Saa zenyewe zinahitaji uangalifu. Tangu mwaka 2016 Uturuki haibadilishi saa zake; mwaka mzima inakwenda sawa na Nairobi, Dodoma na Kampala. Ugiriki bado hubadilisha, na kuanzia mwisho wa Oktoba hadi mwisho wa Machi iko nyuma ya Uturuki kwa saa moja. Meli iliyotoka Piraeus inaweza kuendelea na saa za Ugiriki wakati saa ya ukutani mjini inasema jingine. Kabla ya kushuka, iangalie saa iliyoandikwa pale mlangoni mwa meli na uilinganishe na simu yako, kwa sababu simu itajibadilisha bila kukuuliza. Tena ukisoma 16:30 kwenye tangazo, iandike upya kwa mkono wako kwa hesabu yetu: saa kumi na nusu. Mtu mwenye haraka huchanganya mambo hayo, na hapa kosa la saa moja halisameheki.

Usafiri una njia mbili. Kuna dolmuş, basi dogo ambalo mtu wa Dar au Mombasa atalielewa bila kufundishwa. Jina la mji liko kwenye kioo cha mbele, dereva anasubiri abiria watoshe, nauli unampa yeye kwa lira taslimu, na unashuka popote njiani. Linalokwenda Selçuk hupita kwenye njia panda ya Efeso, ukashuka hapo na kutembea kama kilomita moja hadi lango la chini. Ni nafuu sana na nalipenda, lakini kwa asubuhi nashauri teksi. Sababu iko kwenye jiografia ya mji wenyewe. Efeso umelala kwenye bonde lenye mteremko, una lango la juu na lango la chini, na kati yake ni mwendo wa kilomita mbili hivi juu ya mawe. Ukiingia juu, unateremka mpaka mwisho. Ukiingia chini, unaupanda mteremko wakati jua nalo linapanda, halafu unalazimika kurudi njia ileile au kulipia teksi ya kuzunguka kilima. Basi dogo hukuacha upande wa chini. Kwa hiyo asubuhi panda teksi kutoka bandarini moja kwa moja mpaka lango la juu, mkubaliane bei kabla mlango haujafungwa, na umwambie dereva waziwazi kwamba hakuna duka mtakalopitia. Wakati wa kurudi ndio wa dolmuş. Mkiwa wanne, teksi haina hasara.

Kiingilio cha mgeni hutajwa kwa euro na hulipwa kwa lira. Mwaka 2024 kilikuwa euro 40, na kimekuwa kikipanda, kwa hiyo tenga zaidi. Nyumba za Mteremkoni, yaani makazi ya matajiri wa kale yaliyo ndani ya magofu, zina tiketi ya ziada. Nitazirudia, maana wengi huzipita, nami naona hapo wanakosea.

Ukiwa ndani, usikimbilie Maktaba ya Celsus iliyo chini ya mteremko. Sehemu ya juu ya mji ilikuwa ya serikali, yenye ukumbi mdogo wa baraza na uwanja wa shughuli za umma, na asubuhi huwa tulivu kwa dakika chache kabla vikundi vya meli havijamiminika kupitia lango hilohilo. Itumie kuelewa unakanyaga nini. Efeso ndio uliokuwa makao ya mtawala wa jimbo la Asia la Dola ya Kirumi. Katika karne hiyohiyo ya kwanza ambapo mtume Paulo aliishi hapa zaidi ya miaka miwili, baharia mmoja aliyeandika kwa Kigiriki alikuwa akieleza soko la Rhapta kwenye pwani yetu ya Afrika Mashariki, mahali pa kununulia pembe za ndovu. Ulimwengu wa hawa na ulimwengu wa wale ulikuwa mmoja kibiashara. Katika makumbusho ya Selçuk utaona kazi ya nakshi ya pembe za ndovu inayoonyesha vita vya Mfalme Trajan, iliyotoka katika nyumba ya tajiri wa hapa, na mtu wa pwani akisimama mbele yake hawezi kukosa kuikumbuka Rhapta.

Kutoka sehemu hiyo ya juu ya mji, barabara iitwayo ya Wakureti inateremka, na chini kabisa inaonekana Maktaba ya Celsus. Gaius Julius Aquila aliijenga mwanzoni mwa karne ya pili kwa heshima ya baba yake, Celsus, aliyekuwa amelitawala jimbo la Asia, na baba mwenyewe amezikwa chini ya jengo. Inakadiriwa iliweka magombo yapatayo 12,000. Unachokiona leo ni uso wa mbele tu. Ulikuwa umeanguka kifusi, ukasimamishwa upya na wataalamu wa Austria katika miaka ya 1970, jiwe baada ya jiwe. Sanamu nne za wanawake zilizo kati ya nguzo ni nakala. Za asili ziko Vienna, kwa kuwa Waaustria walianza kuchimba hapa mwaka 1895. Naona vyema msomaji alijue hilo akiwa amesimama palepale. Sehemu ya Efeso iko Vienna na sehemu nyingine iko London. Anayetoka katika nchi zetu anaufahamu uchungu huo bila kuelezwa.

Kabla ya kufika Maktaba, upande wa kushoto, kuna paa kubwa la kisasa lililokamilika mwaka 2000. Chini yake ndipo zilipo Nyumba za Mteremkoni, na hapa ndipo ninapomwomba msomaji afungue pochi. Kwingineko Efeso inakuonyesha majengo ya umma, ambayo tajiri aliyagharamia ili asifiwe. Hapa unaingia anakolala. Unapita juu ya njia zilizoinuliwa, chini yako kuna sakafu za vijiwe vya rangi, kuta zenye picha za waigizaji na miungu, michirizi ya maji, vyumba vyenye sakafu zilizopashwa moto kwa hewa iliyopita chini yake. Tetemeko la karne ya tatu ndilo lililoziangusha, na kifusi kikazihifadhi. Mafundi wanaendelea kupanga vipande vya marumaru mezani mbele ya macho yako. Faida nyingine ni kivuli. Mwezi wa Julai na Agosti joto la Efeso hupita nyuzi 35, marumaru nyeupe hulirudisha usoni, na miti ya kivuli ni haba. Zipo ngazi nyingi, kwa hiyo mzee mwenye magoti mabovu asilazimishwe. Na kila mtu avae viatu vyenye soli ya mpira, maana mawe ya barabarani yamelainishwa na nyayo za karne nyingi, yanateleza hata yakiwa makavu.

Ukipita Maktaba unageuka kulia kuelekea kwenye Uwanja Mkuu wa Maonyesho, uliochongwa ubavuni mwa kilima, wenye nafasi ya watu wapatao 25,000. Hapa ndipo Demetrio, mfua fedha aliyeishi kwa kutengeneza vihekalu vya mungu wa kike Artemi, alipousababisha mji wote kuchafuka kwa sababu mahubiri ya Paulo yalitishia biashara yake. Umati ulipiga kelele kwa muda wa saa mbili. Nimewaona waumini wa Afrika Mashariki wakifika hapa wakatulia, mmoja akafungua simu na kuisoma sura ya 19 ya Matendo kwa sauti ya kawaida, na wengine wakasikia vizuri mpaka safu za juu. Ziara ya kibao hairuhusu jambo hilo, kwa kuwa hakuna dakika kumi za kukaa. Wewe unazo. Panda mpaka katikati, ukae, utazame mbele.

Mbele yako kuna barabara pana iliyonyooka kuelekea magharibi, ile iliyokuwa ikiwashwa taa usiku mwishoni mwa enzi za kale, nayo inaishia kwenye matete. Hapo palikuwa bandari. Meli zilifunga gati pale yanapoota majani sasa. Mto uliokuwa ukiitwa Kaystros ulibeba udongo kutoka bara mwaka hadi mwaka. Watawala walichimba, Mfalme Hadrian akaamuru mto ugeuzwe njia, na udongo haukukoma. Leo bahari iko kilomita kadhaa kutoka hapo. Wagothi waliuvamia mji katika karne ya tatu, matetemeko yakafuata, lakini jeraha lisilopona lilikuwa hilo la bandari. Watu wakahamia taratibu kwenye kilima cha Ayasuluk, ilipo Selçuk ya leo. Ndiyo sababu meli yako imetia nanga Kuşadası.

Toka kwa lango la chini, nunua maji, panda teksi au utembee kwenda Selçuk. Njiani kuna Hekalu la Artemi, na hapa natofautiana na vitabu vingi vya watalii vinavyosema ulipite. Ni kweli kwamba moja kati ya maajabu saba ya kale limebaki nguzo moja iliyounganishwa kwa vipande, katikati ya shamba lenye maji. Lakini fikiria jinsi lilivyopatikana. John Turtle Wood alikuja eneo hili mwaka 1858 kubuni stesheni za reli ya kutoka Smirna, Izmir ya leo, kwenda Aydın. Mwaka 1863 akaanza kulitafuta hekalu kwa niaba ya British Museum, na hakuna aliyejua liko wapi. Akiwa anachimba kwenye Uwanja wa Maonyesho alikuta maandishi marefu ya mwaka 104 ya tajiri mmoja, Salutaris, aliyeeleza namna sanamu zitakavyobebwa kwa maandamano kutoka hekaluni, zipitie lango la Magnesia, ziingie mjini. Wood akalitafuta lango, akaifuata barabara kwa koleo, na siku ya mwisho ya mwaka 1869 akaigusa sakafu ya hekalu, mita kama sita chini ya udongo uleule ulioiua bandari. Vipande vilivyofaa vikapelekwa London. Ukifika hapo na habari hiyo kichwani, ile nguzo moja inatosha. Juu yake korongo weupe hujenga kiota majira ya kuchipua. Ndege hao mwisho wa kiangazi huruka kuja kwetu, na wengine hufika Serengeti.

Selçuk ni mji mdogo, unaozungukika kwa miguu. Makumbusho yake yana sanamu mbili mashuhuri za Artemi. Saa moja hapo si hasara. Kilimani kuna mabaki ya kanisa la Mtakatifu Yohana, lililojengwa na Mfalme Justinian katika karne ya sita, na chini yake Msikiti wa İsa Bey wa mwaka 1375, ambao fundi wake alitoka Damaski na ambao baadhi ya nguzo zake zilichukuliwa Efeso. Msafiri Mwislamu aipange adhuhuri yake hapo. Ua wake una utulivu ambao magofu hayana. Kula karibu na stesheni, kisha dolmuş ya Kuşadası saa nane. Atakayeshuka Izmir badala ya Kuşadası atumie treni kutoka kituo cha Basmane hadi Selçuk, mwendo wa karibu saa moja na nusu. Aangalie ratiba ya kurudi kwanza, maana treni ni chache na mpango wake hauna nafasi ya kukosea.

Nitaulizwa kuhusu Nyumba ya Bikira Maria. Iko mlimani, basi dogo halifiki, kwa hiyo lazima ukodi teksi ya kwenda na kurudi. Mapapa watatu wameitembelea: Paulo VI mwaka 1967, Yohane Paulo II mwaka 1979 na Benedikto XVI mwaka 2006. Kwa Mkatoliki anayekwenda kusali, naiona kuwa ya kwanza: aende huko asubuhi na mapema, ateremkie lango la juu la Efeso, na aiache Selçuk. Kwa anayetaka tu kuhesabu mahali alipofika, namshauri aiache. Saa nane za nchi kavu hazibebi mambo manne.

Na ukiachwa? Kabla ya kushuka, piga picha ukurasa wa pasi yako na viza, andika kwenye karatasi jina na simu ya wakala wa meli bandarini, ambavyo huandikwa kwenye jarida la kila siku la meli, na beba kadi ya benki yenye fedha za kukufikisha bandari inayofuata. Gharama hiyo ni yako, wala meli haitarudi. Ukiona saa tisa imekukuta bado uko Selçuk, usingoje dolmuş ijae. Panda teksi palepale.

Kwa hiyo kabla ya kulipia safari, fungua ratiba ya meli na uangalie mstari wa Kuşadası. Kama imeandikwa saa nane au zaidi gatini, nenda mwenyewe kwa utaratibu huu. Kama ni chini ya saa sita, chukua ziara ya meli na usijutie, au tafuta meli nyingine.